Seli Zinazosoma Chumvi

Mwili wa binadamu hauna mzaha na chumvi. Usiku na mchana figo huchuja damu kuhakikisha sodiamu inabaki karibu na milimoli 140 kwa lita. Ikishuka au kupanda sana mtu huchanganyikiwa, huingiwa na degedege, na asipowahishwa hospitali hufa. Lakini ndani ya goti, umbali mfupi tu kutoka kwenye mishipa inayopitisha damu hiyo, ipo tishu ambamo sodiamu hufika milimoli 250 hadi 350 kwa lita na hakuna anayeugua. Maji ya bahari yenyewe yana takriban 470. Tishu hiyo ni gegedu, lile tabaka jeupe linaloteleza kwenye ncha za mifupa pale inapokutana. Aliyewahi kuguguna paja la kuku mpaka mwisho wa mfupa ameshaitafuna. Ukiacha seli za kina cha figo, ni vigumu kupata nyingine mwilini zinazoishi katika chumvi iliyokolea namna hiyo. Swali linalomjia mtu haraka ni jinsi seli hizo zinavyovumilia. Nadhani swali hilo linatupeleka kombo. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 unaonyesha kwamba seli za gegedu hazivumilii chumvi tu, bali huisoma: kupanda na kushuka kwake ni moja ya njia zinazotumia kupata habari za mzigo unaobebwa na hali ya jengo linalozizunguka. Na anayezichunguza au kuzitibu bila kujali chumvi hiyo anazungumza na seli zilizozibwa masikio.

Tulitazame kwanza jengo lenyewe. Gegedu ya goti la mtu mzima ina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, na nyuma ya pia ya goti huzidi hapo. Haina mishipa ya damu wala neva, ndiyo maana inaweza kulika kwa miaka kabla mwenyewe hajahisi chochote. Seli zake ni chache mno, asilimia chache tu ya ujazo wote, na kila moja imekaa peke yake au na jirani mmoja wawili katika kijumba kidogo. Chakula na oksijeni huifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye ute wa goti. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wa gegedu ni maji. Kinachobaki ni vitu viwili hasa. Kimoja ni kolajeni, nyuzi imara zilizofumwa pande zote. Kingine ni agrikani, molekuli kubwa iliyonaswa katikati ya nyuzi hizo, yenye matawi marefu ya sukari yaliyojaa chaji hasi za umeme. Chaji hizo ndizo chanzo cha mambo yote. Haziwezi kuondoka, kwa sababu molekuli inayozibeba imenaswa. Na kwa kuwa chaji za aina moja hazirundikani mahali bila kusawazishwa, ioni za sodiamu, ambazo ni chanya, huvutwa ndani, huku zile za kloridi, ambazo ni hasi, zikisukumwa nje. Kanuni ya msawazo huu ilielezwa na mkemia Frederick Donnan mwaka 1911, na mpaka leo ndiyo inayotumika kupigia hesabu. Ukijumlisha vyote vilivyoyeyuka humo, ukolezo wa gegedu unafika miliosmoli 350 hadi 450 kwa lita, wakati wa damu ni kama 290. Maji nayo hufuata chumvi. Kwa hiyo gegedu haishibi maji. Muda wote inataka kunywa zaidi na kutuna, kolajeni inaizuia, na mvutano huo ndio unaoiwezesha tishu laini namna hii kubeba uzito wa mtu.

Na uzito wenyewe si haba. Mwaka 1986 watafiti wa Boston walichapisha vipimo vya mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia yenye vihisi ndani yake: alipoinuka kitini, shinikizo katika kiungo lilifika megapaskali 18, karibu mara 180 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Kutembea hakufiki huko, lakini nako kunabana. Gegedu ikibanwa kwa muda, maji hukamuliwa nje kidogo kidogo. Chaji za agrikani hubaki, maana hazina pa kwenda, na sasa zimesongamana katika nafasi ndogo zaidi, hivyo sodiamu iliyobaki nazo inakolea. Mtu akijilaza, maji hurudi na chumvi hupoa ukali. Diski za uti wa mgongo zinafuata kanuni hiyohiyo, na kwa mchana mmoja hupoteza maji kiasi cha kumpunguzia mtu takriban asilimia 1 ya kimo alichoamka nacho. Kwa mwenye sentimita 170, hiyo ni zaidi ya sentimita moja na nusu. Kwenye goti, picha za MRI zilizopigwa kabla na baada ya mtu kuchuchumaa na kuinuka mara nyingi zimeonyesha gegedu ya nyuma ya pia ikipungua ujazo kwa asilimia chache, na ikichukua zaidi ya saa moja kurudia hali yake. Ina maana kwamba seli iliyomo humo haijui chumvi ya kiwango kimoja. Mwenye goti akishinda amesimama kazini inapanda, akilala inashuka, na hivyo ndivyo ilivyo tangu alipoanza kusimama dede.

Seli moja ikitazamwa kwa darubini huku maji yanayoizunguka yakibadilishwa, tukio zima huchukua dakika chache. Yapunguzie maji ukali, nayo inavimba papo hapo, kwa kuwa maji hukimbilia ndani kulikokolea. Utando wake haupasuki, kwa sababu ulikuwa na makunyanzi ya akiba ambayo sasa yanakunjuka. Kisha seli inafungua milango yake na kuachia potasiamu pamoja na molekuli ndogo ndogo kama taurini. Maji yanazifuata nje, na ndani ya dakika 20 hivi imerudi karibu na ukubwa wake wa awali. Peter Bush na Andrew Hall wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliyaonyesha haya mwaka 2001 kwa seli za gegedu ya ng'ombe, zilizotengwa na zile zilizoachwa ndani ya tishu yake. Upande wa pili mambo hayaendi hivyo. Chumvi ikiongezwa ghafla seli inanywea, na nyingi hubaki zimenywea bila haraka ya kujirudisha. Mwaka 2006 kundi hilohilo la Edinburgh liliripoti kwamba zilizoweza kujijaza tena ni zile zilizotangulia kuvimba na kujipunguza, kisha maji yakarudishiwa ukali wake. Hizo ziliingiza sodiamu, potasiamu na kloridi kwa pamoja kupitia kipitishio maalumu, ambacho huzuiwa na bumetanidi, dawa wanayopewa wagonjwa wa moyo ili wakojoe maji yaliyozidi mwilini. Tofauti hii inafikirisha. Kama kazi ya seli ingekuwa kujikinga na chumvi tu, tungetegemea iwe hodari zaidi pale chumvi inapozidi. Kumbe pale ndipo inapokaa kimya. Kunywea kidogo ndiko ilikokuzoea, nayo huacha hali hiyo idumu, na jambo lililodumu hupata nafasi ya kubadilisha kazi ndani ya seli.

Kwamba kazi hubadilika kweli, hilo lilionyeshwa Oxford. Mwaka 1993 Jill Urban na wenzake walichapisha majaribio ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo nguzo ya suala zima. Walichukua gegedu ya ng'ombe, wakaiweka katika maji ya ukolezo mbalimbali, kisha wakapima seli zinatengeneza malighafi mpya kiasi gani, kwa kufuatilia salfeti na prolini zenye mionzi zinavyoingizwa katika agrikani na protini mpya. Kama chumvi ingekuwa adha kwazo, seli zingefanya kazi vizuri zaidi katika maji yanayofanana na damu, mbali na ukali wa nyumbani. Ikawa kinyume. Uzalishaji ulikuwa juu kabisa kwenye miliosmoli 350 hadi 400, yaani kiwango cha nyumbani kwake, na ukashuka pande zote mbili, chumvi ilipopungua na ilipozidi. Matokeo hayo hayakutegemea chumvi peke yake: ukolezo ulipopandishwa kwa sukari badala ya chumvi, seli ziliitikia vilevile. Kwa hiyo kinachosomwa hasa ni msawazo wa maji kati ya ndani na nje ya seli. Ninapoandika kwamba seli husoma chumvi, msomaji achukue kwa maana hiyo, kwa sababu mwilini chumvi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya msawazo huo. Tena, seli zilizoachwa katika ukolezo mpya kwa siku moja au mbili zilianza kuuzoea. Hapo tunaona saa mbili zikienda kwa pamoja: ya dakika, ambapo seli hurekebisha ukubwa wake, na ya siku, ambapo hubadilisha mpango wake wa kazi.

Vyombo vya kusomea navyo vimeanza kujulikana. Maarufu zaidi ni TRPV4, protini iliyojichomeka kwenye utando wa seli na kufanya mlango wa kupitisha kalsiamu. Seli ikivimba mlango hufunguka, kalsiamu huingia, na kupanda huko kwa kalsiamu ni ishara ambayo karibu kila seli mwilini huielewa. Mwaka 2009 kundi la Farshid Guilak, wakati huo likiwa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, lilionyesha kwa seli za gegedu ya nguruwe kwamba mlango huo ukizibwa kwa dawa, seli zinazovimba hazitoi ishara ya kalsiamu na hushindwa kujirudisha. Mwaka 2014 likapiga hatua nyingine. Seli zilifukiwa ndani ya jeli, jeli ikabanwa na kuachiwa mfululizo kama goti linalotembea, nazo zikaitikia kwa kutengeneza tishu zaidi. TRPV4 ilipozibwa, mwitikio huo ukapotea. Na TRPV4 ilipofunguliwa kwa dawa bila mzigo wowote, seli zilifanya kazi kana kwamba zimebebeshwa. Chombo cha pili ni NFAT5, na hiki hakina pupa. Ni protini inayofahamika sana kwa kazi yake kwenye figo: ukolezo ukipanda huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Watafiti wa Uholanzi walilinganisha mwaka 2010 seli za gegedu ya binadamu zilizokuzwa kwenye miliosmoli 280 na zile za 380. Zile za 380 zilionyesha zaidi jeni za kolajeni ya gegedu, agrikani na SOX9. NFAT5 iliponyamazishwa, nyongeza hiyo ikapungua. Na SOX9 si jeni ya kupuuzwa, maana ndiyo inayoiamuru seli iwe ya gegedu na isiwe ya kitu kingine. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walikuwa wameshaonyesha kwamba ukolezo mkubwa huufanya ujumbe wa SOX9 udumu zaidi kabla ya kuvunjwavunjwa.

Hapa pana jambo la aibu kidogo kwa maabara. Maji lishe ya kawaida ya kukuzia seli yametengenezwa kufanana na damu, na mengi yana ukolezo wa karibu miliosmoli 280 hadi 300. Kwa miaka mingi seli za gegedu zimekuzwa humo, dawa zimejaribiwa humo, na watu wameandika kwamba seli hizi husahau asili yake haraka zikitolewa mwilini. Ni kweli husahau, na sababu kubwa inayofahamika ni kukuzwa kwenye sahani bapa ambako hujilaza na kubadilika umbo. Lakini matokeo ya Uholanzi yanaonyesha kwamba maji mepesi nayo yana mchango. Seli iliyozaliwa kwenye 380 ikiwekwa kwenye 280 inasoma kwamba jengo lote limeloa na mzigo umeondolewa.

Mhandisi wa viungo atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: mtu akipiga hatua, mguu hugusa chini kwa chini ya sekunde moja. Katika muda huo karibu hakuna maji yanayotoka kwenye gegedu. Maji yaliyomo hubanwa na kubeba sehemu kubwa ya mzigo kwa shinikizo lake yenyewe. Chumvi itakolea vipi na maji hayajatoka? Seli, atasema, huhisi kubanwa na kuvutwa, basi. Suala la chumvi ni kivuli cha mzigo na si habari yenyewe. Ana ushahidi pia. Mwaka 2017 jarida la eLife lilichapisha kazi iliyopima moja kwa moja mikondo ya umeme kwenye seli za gegedu za panya pale zinaposukumwa kwenye sehemu zinapogusana na sakafu zilizoshikamana nayo, na TRPV4 ilifunguka bila chumvi kubadilishwa. Zaidi ya hayo, seli hizi zina PIEZO1, mlango wa aina ambayo ugunduzi wake ulimpatia Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, na ambao hujibu kusukumwa.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo, na naona inausogeza mjadala mbele kuliko inavyoubomoa. Hatua moja moja seli huenda inaihisi kwa kubanwa. Lakini kubanwa hakuiambii seli mambo mawili inayoyahitaji mno: mzigo wa saa kadhaa kwa jumla, na kiasi cha agrikani kilichobaki kuizunguka. Chumvi inaeleza yote mawili. Maji yaliyokamuliwa tangu asubuhi yanaonekana katika ukolezo wa mchana. Na gegedu iliyopoteza agrikani, hata isipobebeshwa chochote, huwa na sodiamu pungufu, kwa sababu chaji za kuishikilia zimepungua. Hili la pili ni la hakika kiasi kwamba zipo mashine za MRI zilizorekebishwa kusoma sodiamu badala ya haidrojeni, zinazotumiwa kukadiria kwa nje agrikani iliyobaki katika goti la mtu. Kama mashine inaweza kuijua hali ya jengo kwa kupima chumvi, seli inayoishi ndani yake inaweza pia. Isitoshe, jaribio la Oxford halikuhusisha kubana kokote. Ukolezo peke yake ulitosha kupandisha na kushusha uzalishaji.

Pingamizi lingine ni gumu zaidi, na linatoka kwa panya. Mwaka 2010 kundi la Guilak liliripoti kwamba panya waliozaliwa bila TRPV4 mwili mzima walipata ugonjwa mkali zaidi wa kulika viungo, hasa madume. Vizuri, tukasema: seli iliyopoteza chombo cha kusomea imeharibu jengo. Mwaka 2016 kundi hilohilo likaripoti kwamba TRPV4 ikiondolewa kwenye gegedu tu, tena mnyama akiwa ameshakomaa, ugonjwa unaoletwa na uzee unapungua. Sasa mlango huu ni rafiki au adui? Ukiongeza watu waliorithi mabadiliko ya jeni hiyo mambo yanazidi kuchanganya: mwaka 2008 iligunduliwa kwamba TRPV4 inayofunguka kupita kiasi huleta aina ya ufupi wa kurithi ambapo uti wa mgongo haukui sawasawa. Kwangu picha hii inasomeka vizuri ukirudi kwenye lile jaribio la 1993, ambapo uzalishaji ulishuka pande zote mbili. Seli inayosoma chumvi ina kiwango inachokitegemea, na kelele nyingi zinaiharibu sawa na ukimya. Mlango uliokosekana tangu tumboni ni tatizo moja. Mlango unaoendelea kupiga kelele katika gegedu iliyozeeka, ambayo maji yake yamebadilika, ni tatizo jingine, na kuuziba wakati huo kunaweza kuwa nafuu. Sidai kwamba tafsiri hii imefunga mjadala. Lakini inaeleza matokeo yote matatu bila kulitupa hata moja, na sijaona nyingine inayofanya hivyo kwa urahisi zaidi.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe, ule ambao watu huuita kusagika kwa magoti na madaktari huuita osteoathritisi. Wengi huamini kwamba goti linaloumwa limekauka. Mwanzoni mwa ugonjwa gegedu yenyewe hufanya kinyume: hulowa. Agrikani hupungua, ambako kungetarajiwa kupunguza maji, lakini maji huongezeka. Alice Maroudas alilitegua fumbo hilo mwaka 1976 katika jarida la Nature: kinachoharibika ni uwezo wa kolajeni wa kuzuia. Godoro la sufi hueleza hili vizuri. Likiwa limeshindiliwa na kushonwa imara, ukilikalia linakubeba. Nyuzi za kitambaa zikianza kuachia, sufi hutuna na godoro huonekana limenenepa, kumbe limelegea na halibebi tena. Ndani ya gegedu iliyolegea namna hiyo, chaji zimetawanyika kwenye maji mengi na chumvi imepoa. Bush na Hall walikuta seli zilizovimba ndani ya gegedu ya binadamu iliyochakaa. Mtu anaweza kusema kwamba chumvi kushuka ni matokeo ya ugonjwa na si chanzo chake, nami nitamkubalia bila ubishi. Jambo linaloanza kwa jeraha, uzito wa mwili au urithi halihitaji chumvi ili lianze. Ila matokeo nayo huzaa. Seli inayopaswa kujenga agrikani ili chumvi irudi juu imekaa katika ukolezo uleule ambao, kwa vipimo vya Oxford na Uholanzi, huifanya ijenge kidogo. Duara hilo, kwa sehemu, linaeleza kwa nini gegedu iliyoanza kulegea ni nadra kurudi.

Kutokana na haya yote mtu asiende kuongeza chumvi kwenye ugali, wala asiiache kwa kuhofia magoti. Chumvi ya gegedu haitoki mezani. Figo huhakikisha damu inabaki na kiwango chake, na gegedu hukusanya sodiamu kwa nguvu ya chaji zake yenyewe. Daktari anayemkataza mgonjwa wa presha chumvi anaangalia mishipa na moyo. Supu ya makongoro nayo, inayosifiwa kwa kurudisha ute wa magoti, ni chakula kizuri, lakini kolajeni yake ikifika tumboni humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Watafiti wa Denmark, wakitumia kaboni ya mionzi iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita, walionyesha mwaka 2016 kwamba kolajeni ya gegedu ya goti la mtu mzima karibu haibadilishwi kabisa baada ya ujana. Aliyonayo mzee wa miaka 70 ni ileile aliyoijenga alipokuwa akikua. Hata vidonge vya glukosamini na kondroitini, ambayo ni sehemu ya matawi ya agrikani yenyewe, vilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,583 wa magoti katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, havikuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa katika kupunguza maumivu kwa wagonjwa wote kwa jumla. Malighafi peke yake haisaidii pale seli isipoambiwa ijenge. Mazoezi ya kiasi, yanayobana na kuachia, yana mantiki zaidi kwa mtazamo wa seli. Watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo hupoteza unene wa gegedu ya magoti yao kadiri muda unavyopita, bila ajali yoyote kwenye goti lenyewe.

Mahali ambapo elimu hii ingeweza kutumika kesho ni chumba cha upasuaji. Daktari anapofungua goti, au anapoingiza kamera kupitia tundu dogo, kiungo huoshwa kwa maji muda wote ili aone vizuri. Maji hayo ni ya dripu za kawaida: ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye ukolezo wa kama miliosmoli 300, au Ringer's lactate, yenye kama 273. Kwa mshipa wa damu ni sahihi kabisa. Kwa seli ya gegedu ni maji mepesi ghafla, tena dakika ileile kisu au msumari unapopita kando yake. Mwaka 2008 kundi la Edinburgh lilikata gegedu ya ng'ombe kwa kisu cha upasuaji katika maji ya ukolezo tofauti na kuhesabu seli zilizokufa kando ya mkato. Kadiri maji yalivyokuwa mepesi ndivyo seli zilivyokufa kwa wingi, na ukolezo ulipopandishwa kuzidi wa damu vifo vikapungua. Seli iliyovimba tayari, inaelekea, haihimili tena msukosuko wa kukatwa. Gegedu ya ng'ombe kwenye sahani si goti la mgonjwa, na daktari mwangalifu atataka kujua maji makali zaidi yanaufanya nini utando unaozunguka kiungo, na kiasi gani cha chumvi hufyonzwa kwenda kwenye damu operesheni ikichukua muda mrefu. Hayo ni maswali ya kupimwa, na vipimo vyake havihitaji dawa mpya wala mashine ya gharama. Vinahitaji subira zaidi kuliko fedha: wagonjwa waliooshwa kwa maji ya aina mbili wafuatiliwe kwa miaka, kwa sababu seli ya gegedu iliyokufa kando ya mkato ni nadra kupata mrithi, na madhara yake hujitokeza baadaye sana, mshono ukiwa umeshapona.